Uchaguzi wa wabunge Uganda: mambo ya kujua kwa wakimbizi na wenyeji wa Jinja na Mbale

Kila msimu wa kampeni, mkimbizi anayeuza nguo sokoni Jinja au anayesoma Mbale huulizwa swali lile lile na majirani: wewe unampigia nani? Jibu la sheria ni fupi: hampigii mtu. Mkimbizi hapigi kura Uganda, hata kama amekaa miaka 20, hata kama anaongea Kisoga au Kigisu kama mtoto wa nyumbani.

Lakini jibu hilo linaacha mambo mengi nje. Mbunge anayechaguliwa ndiye anayepitisha sheria zinazomhusu mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ile inayokupa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, ilipita Bungeni kwa kura za wabunge, na ikachukua nafasi ya sheria ya zamani ya 1960 iliyomchukulia mkimbizi kama mtu wa kudhibitiwa. Naye mwenyeji mwenye haki ya kupiga kura mara nyingi hajui karatasi yake inakwenda wapi baada ya kuitumbukiza kwenye sanduku.

Tumechukua mfano wa Jinja na Mbale kwa sababu mbili. Makazi makubwa ya wakimbizi yako kaskazini, magharibi na kusini-magharibi mwa nchi, kwa hiyo mkimbizi aliyehamia mashariki kutafuta kazi au masomo yuko mbali na ofisi ambazo zingemweleza mambo haya. Pili, Jinja kuna kiti kimoja cha Bunge ambacho historia yake inafundisha kuliko kitabu chochote cha uraia. Tutafika huko.

Bunge lina watu gani

Uchaguzi wa wabunge hufanyika kila baada ya miaka 5. Tangu 2006, rais na wabunge huchaguliwa siku moja. Uchaguzi wa 2021 ulifanyika 14 Januari, na uliofuata ulifanyika 15 Januari 2026. Meya na madiwani huchaguliwa siku nyingine, kwa hiyo ukisikia watu wamepanga foleni tena baada ya wiki moja au mbili, si kwamba uchaguzi umerudiwa.

Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge 529. Kati yao 353 walitoka kwenye majimbo ya kawaida, na 146 walikuwa wabunge wanawake, mmoja kwa kila wilaya au jiji. Waliobaki 30 huwakilisha makundi maalumu: jeshi 10, vijana 5, watu wenye ulemavu 5, wafanyakazi 5 na wazee 5. Viti vya wazee vilianza 2021. Hawa 30 hawachaguliwi na mwananchi wa kawaida kituoni, bali na watu wa kundi lenyewe.

Kwa hiyo raia wa Jinja au Mbale akifika kituoni siku hiyo hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo, na ya mbunge mwanamke. Kuna watu wanaodhani karatasi ya mbunge mwanamke ni ya wapiga kura wanawake peke yao. Hapana. Mgombea ndiye lazima awe mwanamke. Mpiga kura ni yeyote.

Jiji si wilaya

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, hata wenyeji. Jinja na Mbale zilipandishwa kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Kabla ya hapo kulikuwa na manispaa ndani ya wilaya. Baada ya hapo jiji likawa kitu kimoja na wilaya kitu kingine, kila upande na mbunge wake mwanamke.

Jiji la Jinja lilipata majimbo matatu: Kusini Mashariki, Kusini Magharibi na Kaskazini. Sehemu za vijijini, kama Kagoma na Butembe, zilibaki Wilaya ya Jinja. Jiji la Mbale lilipata majimbo mawili, la Viwandani (ambalo watu huliita Industrial) na la Kaskazini, huku majimbo ya Bungokho yakibaki wilayani.

Matokeo ya 2021 yanaonyesha kwamba watu wa miji hii hawafuati njia moja. Kusini Magharibi mwa Jinja alishinda Timothy Batuwa wa FDC, Kusini Mashariki akashinda Nathan Igeme Nabeta wa NRM, na kiti cha mbunge mwanamke wa jiji kikaenda kwa Manjeri Kyebakutika wa NUP. Vyama vitatu katika jiji moja, tena watu wanaokunywa chai kibanda kimoja. Mbale, jimbo la Viwandani lilimchagua Karim Masaba, mgombea binafsi asiye na chama, na kiti cha mbunge mwanamke wa jiji akakichukua Connie Galiwango wa NRM.

Mbale ina nafasi yake pia katika historia ya Bunge lenyewe. James Wapakhabulo, aliyekuwa mbunge wa Manispaa ya Mbale, ndiye aliyeongoza Bunge la Katiba lililotunga Katiba ya 1995, kisha akawa Spika kuanzia 1996 hadi 1998. Masharti mengi utakayosoma hapa chini yalijadiliwa mbele ya kiti chake.

Nani anaweza kugombea

Raia wa Uganda, aliyesajiliwa kama mpiga kura, mwenye elimu isiyo chini ya kidato cha sita (kiwango cha A-Level) au inayolingana nayo. Fomu yake isainiwe na wapiga kura 10 wa jimbo hilo, na alipe ada ya shilingi milioni 3. Ada hiyo ilikuwa shilingi 200,000 kabla ya kupandishwa 2015, na kwa maoni yetu iliwafungia mlango vijana wengi wenye akili na mfuko mtupu. Mfanyakazi wa serikali lazima ajiuzulu siku 90 kabla ya siku ya kuandikishwa wagombea.

Kabla ya uchaguzi wenyewe vyama hufanya kura za mchujo kumpata mshika bendera. NRM mara nyingi hutumia njia ya kupanga mstari nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe. Mkimbizi, usiingie kwenye mstari ule, hata ukiitwa na mwenye nyumba wako, hata ukiambiwa “ni kujaza tu”. Sababu iko kwenye sehemu inayofuata.

Kwa nini mkimbizi hapigi kura

Katiba inampa haki ya kupiga kura raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mkimbizi si raia. Sheria ya Wakimbizi inaongeza jambo la pili ambalo watu wachache wanalijua: mkimbizi haruhusiwi kufanya shughuli za kisiasa ndani ya Uganda, iwe ngazi ya kijiji au ya taifa. Haruhusiwi pia kufanya siasa dhidi ya nchi yoyote, hata ile aliyoikimbia, akiwa hapa.

Maana yake katika maisha ya kila siku ni hii. Kuvaa fulana ya mgombea, kubeba bango, kuendesha boda boda kwenye msafara wa kampeni kwa malipo ya mafuta, kuwa wakala wa mgombea kituoni, yote hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa siasa. Kusikiliza redio, kusoma magazeti, kujua wagombea wanasema nini juu ya wakimbizi, hayo si kosa. Una haki pia ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Kikundi cha akiba, kwaya, jumuiya ya watu wa kwenu, endelea navyo. Angalia tu mgombea asije kukifanya kikundi chenu kuwa jukwaa lake.

Ukialikwa, jibu la heshima linatosha: “Samahani mheshimiwa, mimi ni mkimbizi, sheria hainiruhusu.” Wagombea wengi wataelewa na kupita nyumba inayofuata.

Tena kuna zawadi. Sabuni, chumvi, sukari, noti iliyokunjwa ndani ya mkono. Kumhonga mpiga kura ni kosa, na anayepokea naye ana kesi. Mkimbizi asiye na kura anaweza kudhani haimhusu. Lakini ukipokea umejiingiza kwenye kampeni, na ukisimama mbele ya polisi utapata tabu kueleza kwamba ulichukua sabuni tu.

Endagamuntu: usicheze nayo

Daftari la wapiga kura siku hizi hutolewa kwenye rejista ya vitambulisho vya taifa inayotunzwa na NIRA. Ndiyo maana wakati wa uandikishaji huja watu wakimwambia mkimbizi: nitakufanyia mpango upate endagamuntu, utapiga kura, utasajili laini ya simu kwa urahisi. Inavutia, maana kitambulisho cha mkimbizi hukataliwa sehemu nyingi mtu asiyekijua.

Fikiria kabla ya kukubali. Kujiandikisha kama raia kwa maelezo ya uongo ni kosa la jinai, na alama zako za vidole tayari ziko kwenye rejista ya wakimbizi. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za mwili, na idadi iliyokuwa kwenye vitabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Mtu mwenye alama zilezile katika rejista mbili anaweza kupoteza pande zote: hadhi ya ukimbizi, na hicho kitambulisho alichonunua. Jambo hili linawahusu wenyeji pia. Raia aliyewahi kujiandikisha kama mkimbizi ili apate mgao wa chakula anajiwekea tatizo hilo hilo.

Je, kuna njia halali ya kuwa raia? Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mkimbizi anaweza kuomba uraia kwa njia ya tajnisi akitimiza masharti, lakini si kwa njia ya kusajiliwa. Katiba nayo inamtoa kwenye njia ya kusajiliwa mtoto aliyezaliwa Uganda ikiwa mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi hapa. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Nakivale mwaka 2005, ambaye hajawahi kuiona Kongo, bado hapigi kura, wakati mwenzake wa dawati moja anapiga. Ni jambo gumu kumweleza kijana huyo, na hatutajifanya kwamba ni rahisi. Aliyeoa au kuolewa na raia ana njia yake nyingine, na hapo ni bora kumwona mwanasheria wa shirika la msaada wa kisheria kuliko kumwamini mtu wa mitaani.

Safari ya kura, na kiti cha Jinja Mashariki

Sasa tuje kwa mwenyeji. Jina lako lazima liwe kwenye daftari la kituo chako. Kuwa na endagamuntu mkononi peke yake hakutoshi. Kabla ya uchaguzi daftari hubandikwa hadharani kwa siku zisizopungua 21 ili kila mtu aangalie jina lake, na wakati huo ndio wa kulalamika ikiwa umekosekana, au ukimkuta marehemu bado ameandikwa. Unapiga kura ulikosajiliwa, siyo unakoishi. Mtu wa Bungokho aliyehamia Jinja bila kuhamisha kituo atalazimika kurudi Bungokho.

Mfano mzuri uko Kiryandongo. Baada ya maporomoko ya Nametsi, wilayani Bududa, tarehe 1 Machi 2010, familia nyingi za Wagisu zilihamishiwa Kiryandongo, jirani kabisa na makazi ya wakimbizi. Wageni wawili kwenye ardhi moja, wote walifika bila kitu. Mmoja ni raia, anaweza kuhamisha kituo chake na kumchagua mbunge wa huko. Mwingine anamtazama tu.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Kura huhesabiwa palepale, mbele ya watu, karatasi moja moja ikiinuliwa juu. Kisha msimamizi wa kituo hujaza fomu ya kutangaza matokeo, ambayo Waganda wote huiita fomu ya DR. Mawakala wa wagombea huisaini na kupewa nakala. Nakala nyingine hubandikwa kituoni, nyingine huenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa wilaya au jiji, ambaye hujumlisha na kumtangaza mshindi.

Fomu hiyo ndiyo roho ya uchaguzi wa mbunge. Kura ya rais inahesabiwa kwa mamilioni, lakini kiti cha mbunge mjini kinaweza kuamuliwa na vituo viwili vitatu. Mgombea asiye na nakala za DR akienda mahakamani anakwenda na maneno matupu. Kwa hiyo wakala anayeondoka saa 9 kwa sababu hajapewa chakula amemuua mgombea wake.

Mwangalie Jinja Mashariki, jimbo la zamani la manispaa. Mwaka 2011 Igeme Nabeta wa NRM alitangazwa mshindi. Paul Mwiru wa FDC alipinga mahakamani, na 2012 ukafanyika uchaguzi mdogo ambao Mwiru alishinda. Mwaka 2016 Igeme akatangazwa tena. Mwiru akarudi mahakamani, uchaguzi ukafutwa, na 15 Machi 2018 watu wa Jinja Mashariki wakaitwa tena vituoni. Viongozi wakubwa wa pande zote walifika Jinja kuomba kura. Mwiru alipata kura zaidi ya 6,600 dhidi ya zaidi ya 5,000 za Igeme. Mwaka 2021, jimbo likiwa limebadilishwa jina na kuwa Jinja Kusini Mashariki, Igeme akashinda. Watu wawili, kiti kimoja, miaka 10.

Hesabu tofauti ya 2018: kama kura 1,600. Ni watu wa mtaa mmoja mkubwa. Anayesema kura yake moja haina kazi angeuliza watu wa Jinja.

Sheria inayoruhusu hayo ni hii. Mgombea aliyeshindwa ana siku 30 tangu matokeo yachapishwe kwenye Gazeti la Serikali kupeleka shauri Mahakama Kuu. Mpiga kura wa kawaida naye anaweza, akiungwa mkono na saini za wapiga kura wasiopungua 500 wa jimbo hilo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Rufaa, na huko ndiko mwisho kwa kesi za wabunge. Kiti kikiwa wazi, uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 60. Tatizo ni muda: kesi ya uchaguzi wa Februari 2016 ilizaa mbunge mpya Machi 2018. Miaka miwili kati ya mitano ilikuwa imekwisha.

Uchaguzi ambao mkimbizi anapiga kura

Ndani ya makazi kuna Baraza la Ustawi wa Wakimbizi, RWC, lenye ngazi tatu kutoka kijiji hadi makazi yote. Viongozi wake huchaguliwa na wakimbizi wenyewe chini ya usimamizi wa OPM. Si serikali, na RWC hawezi kupitisha sheria. Lakini malalamiko ya maji, shule na mgao hupitia kwake, na yeye ndiye hukaa na LC1 wa wenyeji mambo ya kuni, mipaka ya mashamba na mifugo yanapochemka.

Jinja na Mbale hakuna RWC ya namna hiyo. Mkimbizi wa mjini humtegemea mwenyekiti wa LC1 wa mtaa kwa barua ya utambulisho na usuluhishi wa ugomvi mdogo, ingawa hakumchagua. Wenyeviti hao walichaguliwa 10 Julai 2018 kwa kupanga mstari, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa ngazi hiyo. Jitambulishe kwake mapema, wakati wa amani. Mtu anayejulikana na LC1 kuwa mkimbizi mtulivu huwa na shahidi siku msako unapopita.

Siku za kampeni na siku ya kura

Tarehe 18 Novemba 2020 Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alikamatwa Luuka, hapo Busoga, na kupelekwa kituo cha polisi cha Nalufenya, Jinja. Ghasia zilizofuata katika miji mbalimbali ziliua watu zaidi ya 50, wengine wakiwa wapita njia wasiokuwa kwenye maandamano. Risasi haiulizi kitambulisho. Ukisikia msafara mkubwa unapita Main Street ya Jinja au karibu na mnara wa saa wa Mbale, funga kibanda, rudi nyumbani, chukua watoto.

Januari 2021 intaneti ilizimwa siku ya kuamkia kura na kurudi baada ya siku kama 5. Januari 2026 ilizimwa tena. Mwaka 2021 huduma za pesa kwa simu nazo ziliathirika, na familia zilizokuwa zikingoja pesa kutoka nje zilikaa bila kitu. Kwa hiyo wiki ya uchaguzi toa pesa kidogo mapema, nunua unga, mkaa na dawa za mgonjwa, na uwaambie ndugu walio makazini au nje ya nchi kwamba ukinyamaza siku tatu wasiogope.

Siku ya kura ni sikukuu. Ofisi nyingi hufungwa, mabasi ya Kampala na Mbale hupungua. Ukilazimika kutembea, beba kitambulisho cha mkimbizi au barua ya utambulisho ya familia, ile halisi, siyo picha ya kwenye simu. Usisimame karibu na kituo cha kura kutazama, hata kama kiko mbele ya mlango wako. Na ukiwa na rafiki mwenyeji anayepiga kura siku hiyo, mkumbushe asiondoke kabla fomu ya DR haijabandikwa.